Samaki wa rangi kwenye dimbwi la mvua Rufiji

Uliyeuliza kama samaki wa rangi wanaoonekana kwenye dimbwi la mvua huko Rufiji ni gapi (samaki wadogo wa kufugwa kwenye matangi) waliotoroka: hapana. Dimbwi linalokauka kila kiangazi na bado lina samaki mvua zikirudi, hao ni Nothobranchius, samaki wadogo wa madimbwi ya msimu. Gapi huzaa watoto hai, kwa hiyo dimbwi likikauka wamekwisha. Hawa hutaga mayai kwenye tope, wazazi hufa, na mayai husubiri mvua ardhini.

Jenasi hii (kundi la spishi za karibu) iko kwenye familia ya Nothobranchiidae, oda ya Cyprinodontiformes. Ilipewa jina na mwanasayansi Peters mwaka 1868. Imesambaa kuanzia Sudan hadi KwaZulu-Natal, na spishi moja, N. rubroreticulatus (N. ni kifupi cha Nothobranchius), iko mbali kule Chad. Tanzania ndiyo yenye spishi nyingi zaidi. N. guentheri ni wa Unguja tu, N. palmqvisti yuko pwani ya kusini mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania. Huko kwenu Rufiji yupo hata N. ocellatus, jitu la jenasi hii, anayekula wenzake.

Usitambue spishi kwa majike. Karibu wote ni rangi ya udongo, na madimbwi mengine yana spishi mbili au tatu pamoja. Piga picha ya dume kwa ubavu, mkia ukiwa umekunjuliwa, kisha andika jina la mahali. Bila mahali, picha haitoshi.

Angalia pia udongo: mfinyanzi mweusi unaopasuka ukikauka ndio hasa unaotunza mayai. Penye mchanga mtupu usihangaike.