Fundi cherehani, shingo yako inauma kwa sababu gani?

Mafundi wenzangu, yale maumivu yanayokaza kuanzia kisogoni hadi begani ikifika saa 10 jioni, hasa msimu wa sare za shule, hayatokani na kubeba mzigo. Yanatokana na kuinamia sindano. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Ukikaa wima, pingili 7 za shingo hukibeba. Ukiinama, misuli ya nyuma ndiyo inayokizuia kisianguke, na msuli uliokaza muda mrefu bila kulegea hukosa damu ya kutosha.

Tunazoea kulaumu msuli mpana wa juu ya bega. Lakini chini yake upo mwingine mwembamba, unaotoka ubavuni mwa shingo na kushika pembe ya juu ya mfupa bapa wa bega. Huo ndio unaonisumbua mimi. Pitisha mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, ubonyeze pembe hiyo kwa ndani. Ukishtuka, umeupata.

Kuunyoosha, kaa na ushike kiti kwa mkono wa upande unaouma, bega lisipande. Geuza uso upande wa pili, kisha inamisha kidevu kama unayetazama kwapa. Tulia hapo sekunde 20 hadi 30 huku ukipumua taratibu. Ukitanguliza taulo la maji ya moto, msuli hulegea upesi.

Hata hivyo, kilichonisaidia kuliko vyote ni miwani ya kusomea. Ukishapita miaka 40, macho huanza kushindwa kuona uzi kwa karibu, na shingo hufuata macho. Taa pia iwe karibu na sindano. Nami kila bobini ikiisha nasimama, nazungusha mabega, ndipo najaza nyingine.

Kinyozi akimaliza kunyoa na kutaka kukuzungusha shingo mpaka ilie, mkatalie kwa heshima. Ndani ya pingili hizo hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Ikichanika, inaweza kuleta kiharusi.

Mkono ukifa ganzi, mkasi ukaanza kukuponyoka, shingo ikakakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana, au maumivu yakaja na kifua kubana, acha kunyoosha. Nenda hospitali mara moja.