Shangazi, nimepewa maiki kwenye harusi ya rafiki yangu wa chuo

Shangazi, shikamoo. Rafiki yangu wa chuo anaoa mwezi ujao, Dar es Salaam. Tulikaa chumba kimoja hosteli miaka 3, na kamati imenipa dakika 5 za kumwelezea bwana harusi, "ila watu wacheke". Nimeshaandika kurasa 4. Kuna kisa cha maharage: alificha jiko la umeme chini ya kitanda, usiku mmoja akabandika maharage, ghorofa nzima ikazima, tukamwita Waziri wa Nishati mpaka tunamaliza. Kuna supu 3 alizokamata mwaka wa kwanza, nusura adisko. Kuna boom alilolimaliza kwa siku 9. Kuna yule dada wa mwaka wa pili aliyemliza. Na kwa kuwa yeye ni Mngoni na mimi Mhehe, utani nimeujaza wa kutosha. Bibi harusi kwao Bukoba, baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu, mama yake mzee wa kanisa. Mchumba wangu amesoma hotuba akasema nitavunja ndoa kabla keki haijakatwa. Naona anazidisha. Wewe unasemaje?

Nilitaka kusahau: hata shati alilovaa siku ya kwanza aliyotoka na bibi harusi lilikuwa langu. Nguo zangu nyingine zote nilikuwa nimezifua, nikashinda nimejifunga taulo mpaka saa nne usiku aliporudi na chipsi mayai yangu mkononi. Halafu mchango sijamaliza, niliahidi 150,000 nimetoa 80,000. Naruhusiwa kusimama mbele na deni?

Mhehe Mwenye Maiki, Morogoro

Marahaba mwanangu. Mchumba wako hazidishi. Amekupunguzia.

Tuanze na baba mkwe, maana meza yake itakuwa mbele kabisa na atakusikiliza kama anayesahihisha insha. Wewe utasema rafiki yako alikamata supu tatu akanusurika kudisko. Sisi tuliopita vyuoni tunajua unazungumzia mitihani ya marudio na kuondolewa masomoni. Mzee atasikia kwamba mkwe wake alikamatwa na supu, sijui ya nani, halafu akataka kwenda disko. Ukifika kwenye boom, shangazi mtu aliyeshuka kwenye basi la Bukoba jana yake atamgusa jirani amuulize nani kalipuka. Utajaribu kufafanua, na hapo ndipo utakapoharibu kabisa, kwa sababu ukiyatoa maneno ya chuo kinachobaki ni kijana aliyefeli masomo matatu na kula pesa yake ya kujikimu kwa siku tisa. Hayo kayasimulie meza ya wenzenu wa chuo, bila maiki.

Yule dada wa mwaka wa pili mfute. Usimtaje hata kwa mafumbo. Niliwahi kukaa kwenye harusi moja ambapo rafiki wa bwana harusi, kijana mpole tu, alimaliza hotuba yake nzuri kwa kusema, "Ndugu yangu, hatimaye umetulia." Meza moja ikacheka kuliko nyingine zote. Bibi harusi akatabasamu mpaka mwisho wa sherehe, na nilivyosimuliwa baadaye, mlango wa gari ulipofungwa alikuwa na swali moja: "Ulitulia kutoka wapi?"

Sasa utani. Wahehe na Wangoni walipigana karne ya 19 wakaumizana sana, na kilichobaki kwenu wajukuu ni ruhusa ya kusemana bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kuja hata msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, waliokuwa wanalia wakacheka. Ni mali kubwa hiyo, ila ina wenyewe. Bwana harusi akikuuliza mbwa wa jirani amepotelea wapi, maana ninyi Wahehe mnataniwa kwamba mnakula mbwa, watu wa Iringa na Songea watagaragara chini. Wa Bukoba watatazamana wakijiuliza binti yao wanampeleka kwenye ukoo gani. Bakiza utani mmoja, na ukuangukie wewe Mhehe.

Maharage nayaruhusu. Hayana aliyeumia, na katika ukumbi ule hakuna asiyejua giza la ghafla linavyokuwa, kwa hiyo hutafafanua chochote. Sema jiko, sema kitanda, sema giza, sema Waziri wa Nishati, kisha nyamaza uwaachie wacheke. Usiendelee na habari za mlinzi kupita vyumbani kunusa. Nakujua, umeiandika.

Lakini mwanangu, kurasa nne zote hizo, halafu hotuba yenyewe umeitupia mwishoni kama mtu aliyekumbuka kuaga akiwa mlangoni! Shati. Kuna nini tena unachotafuta? Bibi harusi yumo ndani ya kisa, na huenda mpaka leo anaamini lile shati lilikuwa la mumewe. Anayechekwa ni wewe, umekaa kitandani na taulo, unahesabu saa, unaomba asigonge mtu mlango. Na zile chipsi mayai ndizo zinazofanya kazi ambayo najua umejaribu kuifanya ukurasa wa nne wote kwa maneno kama "mwaminifu" na "mwenye upendo". Kijana ametoka na msichana kwa mara ya kwanza, mfuko ni wa mwanafunzi, kichwa kiko mawinguni, na bado akakumbuka kwamba kuna mtu hosteli hana nguo wala chakula. Ukishasema hivyo usiongeze sifa. Mwalimu mkuu atakuwa ameshaweka alama zake mwenyewe.

Kwa hiyo nataka usimulie taratibu, na unipe vitu. Shati lilikuwa rangi gani? Alilipasi kwa kutumia nini? Uligongewa mlango mara ngapi? Chipsi zilikuwa za moto au zilishalowa kwenye mfuko? Alianza kukueleza habari za msichana kabla hajakaa, au ulikula kwanza? Hayo ndiyo watu watakayokwenda nayo nyumbani. Na kama shati bado unalo, hata kama limebana, livae chini ya koti usimwambie mtu. Kisa kikiisha, fungua koti. Usiseme neno. Mtazame bibi harusi tu.

Kuhusu dakika 5, usiziamini. Kamati ikisema tano, MC atakupa mbili, maana ratiba itakuwa imeshachelewa na harufu ya pilau itakuwa imeshaingia ukumbini. Andika nusu ukurasa. Usianze kwa kusema wewe si msemaji mzuri, watagundua wenyewe. Na kinywaji chochote ulichopanga kukitumia kama ujasiri kikusubiri baada ya hotuba.

Mchumba wako msomee toleo jipya, ukiwa umelivaa hilo shati.

Na ile 70,000 itume leo. Kusimama na deni unaruhusiwa, lakini mweka hazina wa kamati atakuwa ukumbini na orodha yake, na MC akilitaja jina lako nisingependa yeye ndiye awe wa kwanza kucheka.