Ile asilimia moja ni yetu

Mhariri, mmeuliza wiki hii: je, fedha za serikali zinaweza kumleta mzazi shuleni, au hilo ni suala la moyo wake tu?

Zinaweza, mradi mzazi ajue zipo na ana sauti juu yake. Naishi Kentucky, jimbo la Marekani, na wengi wa wazazi wenzangu hapa ni Wakongo waliopita kambi za wakimbizi Tanzania, Burundi au Uganda. Moyo wanao. Gari ndiyo hawana, wala mtu wa kubaki na wadogo, na kikao cha saa kumi na moja jioni kinamkuta mama wa zamu ya usiku akijiandaa kwenda kiwandani. Kisha mwalimu anasema wazazi wetu hawajali.

Sheria ya elimu ambayo Rais Johnson aliitia saini Aprili 1965, na iliyoandikwa upya mwaka 2015, ina sehemu iitwayo Title I. Hizo ni fedha za serikali kuu zinazokwenda kwenye shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Wilaya ya shule inayopokea zaidi ya dola 500,000 lazima itenge angalau asilimia moja kwa ajili ya kushirikisha familia, na angalau asilimia 90 ya kilichotengwa ishuke hadi shuleni. Chukua wilaya inayopata dola milioni 5: inatenga 50,000, na 45,000 zinagawiwa shule. Zikiwa shule 30, kila moja itaona kama 1,500. Si utajiri, lakini nauli za jioni kadhaa na malipo ya mlezi wa watoto zinatoka humo, na sheria yenyewe inaruhusu vyote viwili. Inataka pia vikao viwekwe kwa saa tofauti, asubuhi au jioni.

Jambo ambalo sijawahi kulisikia likitangazwa kwenye kikao chochote ni hili: wazazi wanatakiwa kushirikishwa katika kuamua fedha hizo zigawiwe vipi. Sina ugomvi na piza zinazonunuliwa kwa ajili ya usiku wa familia shuleni, watoto wanazipenda. Ila nani aliulizwa kabla hazijaagizwa?

Ukalimani ni habari nyingine, usichanganywe na hiyo asilimia moja. Shule ina wajibu wa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, na wajibu huo unatokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964. Hata hivyo, shule moja ambayo sitaitaja ilimkalisha jirani yangu mbele ya mwalimu, mkalimani akiwa ni mwanawe huyo huyo aliyeshtakiwa kwa utoro. Fisi alipewa bucha. Mama alirudi nyumbani akijua kijana wake anasifiwa.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wa Kentucky, na wa kokote Marekani mnakosoma haya: kila shule ya Title I inalazimika kuitisha mkutano angalau mara moja kwa mwaka kuwaeleza wazazi kuhusu mpango huo na haki zao. Ombeni mkalimani mapema, nendeni hata wawili watatu, kisha ulizeni: fungu la familia mwaka huu ni shilingi ngapi (dola, samahani), nani amepanga matumizi yake, na usafiri umo?

Mama wa wanafunzi wawili,
Kentucky