Kolembola wa makumbusho waliopauka: anzia kwenye lebo na ncha ya furka

Mkuu, umeuliza ufanyeje na chupa za kolembola (vijidudu vidogo vya udongoni, wengi hufyatuka kwa uma wa chini ya tumbo uitwao furka) ulizokabidhiwa kutoka stoo ya makumbusho: wengi weupe pepe, baadhi wamekauka, na ufunguo wa utambuzi (mwongozo wa kumtambua mdudu hatua kwa hatua) uliopakua unakupeleka kwenye majina ya Ulaya. Kazi hii naifanya hapa Dodoma, kwa vielelezo vya Mpwapwa, Kondoa na Manyoni, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyashika kwa mkono.

Rangi isahau, pombe imeshaila. Wapo weupe wa asili, kama Cyphoderus wanaoishi na mchwa na sisimizi vichuguuni, ila hao hawana macho. Ukiona macho pembeni mwa kichwa (yasizidi 8 kila upande), weupe huo huenda ni wa chupani.

Lebo ndiyo nusu ya kielelezo. Ukikuta "Mpapua", ni Mpwapwa kwa tahajia ya Wajerumani. "Tanganyika Territory" ni enzi ya Mwingereza. Nakili kila herufi ilivyo, hata iliyokosewa, na karatasi ya zamani ibaki mle mle chupani.

Sasa magamba, na hapa nitakaa kidogo. Seira ni jenasi inayovumilia ukame, kwa hiyo kwetu tarajia kumwona. Mwili wake una magamba, lakini yanabanduka kila chupa inapotikiswa. Akishanyonyoka, ufunguo unakutupa kwa Entomobrya, asiye na magamba kabisa. Kabla hujaandika "hana magamba", nyonya mashapo ya chini ya chupa kwa pipeti na uweke tone kwenye slaidi. Magamba yaliyodondoka utayaona yamelala, yana mistari myembamba. (Kama chupa ina spishi mchanganyiko, usiyape magamba hayo mwenyewe haraka.) Halafu tazama mukro, ncha ya mwisho kabisa ya furka, ule uma wa chini ya tumbo wanaofyatukia. Ya Seira ina jino moja lililopinda kama mundu. Ya Entomobrya ina meno mawili na kamwiba kwenye shina. Ukikuta mukro yenye meno mawili na mwili wenye magamba, hamia upande wa Lepidocyrtus. Mimi mukro naiamini kuliko ngozi, kwa sababu haibanduki kirahisi.

Waliokauka usiwaguse na sindano, antena zitakatika. Watie kwenye asidi laktiki, pasha moto taratibu bila kuchemsha, watajaa tena na kuwa angavu. Ndipo uwaweke kwenye slaidi kwa Hoyer, ule mchanganyiko wa gamu arabiki, klorali haidreti, gliserini na maji. Zungushia kioo cha juu rangi ya kucha, hata uwe na haraka, maana kwa hewa ya Dodoma ya Septemba Hoyer isiyozibwa inakauka pembeni na kufanya chembechembe juu ya nywele unazotaka kuhesabu. Slaidi ya zamani ya Hoyer unaweza kuilowesha kwenye maji ukaifungua. Ya Canada balsam, gundi ya utomvu wa mti, inataka kiyeyusho cha zaileni. Ikiwa imeandikwa "holotype" au "paratype" (vielelezo vya aina, vilivyotumika spishi ilipoelezwa mara ya kwanza), mikono mbali mpaka mtunzaji aruhusu.

Nywele ndizo zinazoamua spishi: ziko wapi, ngapi, ndefu kiasi gani. Unahitaji hadubini ya fezi kontrasti (inayofanya vitu angavu vionekane), na mara nyingi lenzi ya mafuta. Unywele ukidondoka, tundu lake hubaki, kwa hiyo hesabu matundu. Usihesabu kwa mtoto, ana nywele pungufu. Tafuta tundu la uzazi kwenye pingili ya tano ya tumbo. Kama halijakamilika, achana naye.

Kuhusu ufunguo wa Ulaya, utumie mpaka familia, na jenasi kwa tahadhari. Ukiulazimisha utoe spishi, utakutajia aliye karibu kati ya inaowajua, hata kama mdudu wako hajawahi kuandikwa popote. Kwa spishi, tafuta maelezo ya awali ya wadudu wa Afrika, kisha ulinganishe na vielelezo vya aina, ambavyo vingi viko Ulaya, kwa mfano Paris na Tervuren. Kabla ya hapo, kwenye rejesta mimi naandika "Seira sp." na tarehe, basi.

Tuma hapa picha ya mukro ikiwa imelala ubavu, ukuzaji 400, na lebo pande zote mbili. Ile ya mdudu mzima uliyopiga kwa simu haitutoshi.