Kabla Hujalipa, Kipime Kitabu

Kwenye rafu yangu kuna aibu inayoonekana tangu mlangoni. Vitabu vitatu vya The Hunger Games vimepangwa pamoja lakini havifanani hata kidogo. Cha kwanza ni chapa ya Marekani, jalada jeusi na ndege wa dhahabu. Cha pili ni chapa ya Uingereza, kifupi, mchoro mwingine kabisa. Cha tatu kina jalada gumu na kimewapita wenzake kichwa kizima.

Kosa ni papara zangu. Suzanne Collins alivitoa 2008, 2009 na 2010, mimi nikavinunua kimoja kimoja kwa wauzaji wa "inama" pale Nairobi, wanaotandaza vitabu chini hadi uiname ndipo uone kilichopo. Kila nilichokiona nilikichukua, nikihofia nisikipate tena.

Siku hizi natembea na utepe niliokata kwa kimo cha kitabu cha kwanza. Naulaza juu ya kile ninachotaka. Ukizidi au ukipungua, nakirudisha chini. Picha ya migongo ya vitabu vyangu iko kwenye simu pia.

Halafu fungua ukurasa wa hakimiliki. Mara nyingi utakuta mstari wa tarakimu, kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Kwa wachapishaji wengi, ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo awamu ya uchapaji. Ukiiona 1, yaani awamu ya kwanza ambayo wakusanyaji huitafuta, usitabasamu! Muuzaji anakusoma uso kuliko unavyosoma kitabu.

Pekua kurasa zote, hata akinuna. Niliwahi kufika ukurasa wa 192, patamu kweli, nikageuza nikajikuta nimerudi 161. Na kitabu cha Marekani kisicho na jalada kiache: huenda duka lilichana jalada likalirudisha kwa mchapishaji ili lirejeshewe pesa, na kilichobaki kilipaswa kuharibiwa.

Wa Pwani, msisukumie rafu ukutani. Ukungu ulinilia vitabu vinne Mombasa.

Marafiki wananiuliza kwa nini sijakibadilisha kile cha pili, maana chenye kimo sahihi nimeshakutana nacho mara mbili. Kwenye ukurasa wake wa mwisho kuna mwandiko wa kalamu ya bluu, wa mtu nisiyemjua: "Jamani, nani ana cha tatu?"