Swali: Tunahamia Uingereza, mbwa wetu twende naye ama tumwache?

SWALI: Assalam aleikum sheikh. Mimi ni mama wa watoto 2, tunakaa Utawala, Nairobi. Mwaka 2019 tulivunjiwa nyumba usiku tukachukua mbwa wa kulinda, anaitwa Simba, analala kwa banda lake kando ya geti na haingiagi ndani. Mume wangu ametangulia Leeds, mimi nimepata kazi ya unesi huko na Januari inshallah namfuata na watoto. Tutakaa kwa fleti. Ajenti wa kusafirisha wanyama ametuambia 400,000 na kitu, itabidi nikope kwa sako. Mume wangu anasema tumwache. Jirani anasema niite daktari wa mifugo amdunge sindano alale kabisa. Kuna mtu anataka kumnunua 15,000. Na kijana wangu wa miaka 9 analia kila siku, anasema bila Simba haendi. Sheria inasemaje?

JIBU: Waleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Naanza na hiyo sindano juu ndiyo imenikaa rohoni tangu nisome swali lako. Usimdunge. Mbwa mzima, hana kichaa, hajarukia mtu, amewalinda miaka yote hiyo, hatuna ruhusa ya kumuua ati kwa sababu tumepata viza. Kwa Sahih Muslim kuna hadithi kwamba Mtume s.a.w aliwahi kuamrisha mbwa wauawe pale Madina, halafu akauliza watu wana shida gani na mbwa, akaruhusu wa kuwinda na wa kuchunga. Wanavyuoni wetu wa Shafi, Imam Nawawi akiwemo, wakasema mbwa asiye na madhara hauawi, anayeuawa ni yule mkali anayerarua watu. Jirani yako sidhani ana ubaya, wengi hapa Nairobi wanaona hiyo ndiyo huruma, eti afadhali alale kuliko azurure barabarani akila takataka, lakini sasa nani amesema lazima azurure? Kuzurura kwake kunatoka kwa mikono yetu sisi.

Sasa tuje kwa safari yenyewe. Wewe kila Ijumaa nadhani unasoma Suratul Kahf. Wale vijana wa pangoni walihama, waliacha mji wao na watu wao kwa ajili ya dini, na Qur'ani haikumsahau mbwa wao. Aya ya 18 inasema mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na aya ya 22 watu wanapobishana walikuwa wangapi, kila wakihesabu wanamhesabu na yeye, wa nne wao mbwa wao, wa sita wao mbwa wao, wa nane wao mbwa wao. Kwa hivyo yeyote akikuambia kutembea safari na mbwa ni haramu kwa dhati yake muulize hii aya anaisomaje. Lakini angalia pia mbwa alikuwa wapi. Alikuwa kizingitini. Wao ndani, yeye mlangoni, ana kazi yake. Na hapo ndipo swali lako lote liko dada yangu. Simba hapo Utawala ana kizingiti, ana geti, ana banda, ana usiku wa kulinda. Leeds kwa fleti kizingiti chake kitakuwa wapi?

Nieleze kidogo juu watu huchanganya mambo mawili hapa. Kuna suala la najisi na kuna suala la kufuga. Kwa najisi madhehebu zimetofautiana, sisi Shafi tunasema mbwa ni najisi, akigusa kitu na kuna unyevu unakiosha mara 7 moja yake na mchanga. Hanafi wanasema mate yake ndiyo najisi, manyoya yakiwa makavu hayana neno. Malik yeye anasema mbwa aliye hai ni tohara, kule kuosha chombo mara 7 ni ibada tu tumeamrishwa. Sasa wako watu wakishapata hilo neno la Imam Malik wanasema basi, nimeruhusiwa kumlaza mbwa kwa sofa. Hapana, ngoja. Huyo huyo Imam Malik ndiye ameipokea kwa kitabu chake cha Muwatta hadithi ya Ibn Umar kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa kuwinda wala wa kuchunga mifugo, thawabu zake zinapungua qirati 2, yaani vipimo viwili vya thawabu, kila siku. Kila siku! Kwa hivyo hata ukisema mbwa ni tohara bado unaulizwa, huyu umemweka kwa kazi gani. Hadithi zimetaja wazi tatu, mifugo, shamba na kuwinda. Kulinda nyumba haikutajwa kwa jina, ila Nawawi anasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba inafaa, kwa kuifananisha na hizo tatu, juu haja ni ile ile. Kwa hivyo mlipomchukua 2019 baada ya kuvunjiwa hamkukosea kitu, usiwe na wasiwasi na miaka iliyopita.

Lakini ruhusa ikija kwa sababu ya haja, haja ikiisha na ruhusa inaenda nayo. Fleti ya Leeds, orofa ya pili ama ya tatu, mlango una kitasa na jengo lina intakomu, Simba analinda nini? Atakuwa pambo la nyumba tu. Na nyumba nyingi za kule zina kapeti ukuta kwa ukuta, imegundishwa chini haitoki, na kule kuosha mara 7 na mchanga kwa kapeti nieleze utafanyaje wewe ukiwa umetoka shifti ya usiku na unataka kusali Alfajiri. Ukisema basi alale nje, Januari ya Leeds si Julai ya Nairobi, mbwa aliyezaliwa Utawala kumlaza nje kwa ile baridi ni dhulma. Ndani kuna hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, nje kuna dhulma, na huyu mnyama hana mahali pa tatu.

Sisemi hakuna Muislamu anayefaa kuwa na mbwa Uingereza. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana kipofu aje na mbwa wake wa kumuongoza, mbwa akawekewa sehemu yake, si ndani panaposaliwa. Hapo kuna haja, kuna kazi, na ukiangalia vizuri kuna kizingiti. Yako wewe ni tofauti.

Pesa nayo. Hiyo 400,000 si yako, ni mkopo, na unaanza maisha mapya nchi ya watu na deni mgongoni, pengine lenye riba pia, kwa jambo ambalo halijakulazimu. Sikubaliani nayo. Na mume wako ana haki kwa hili, nyumba ni yenu wote na yeye ndiye yuko kule anaona hali, pengine hata landlodi hataki wanyama, wengi hawataki.

Lakini dada yangu kumwacha si kumtupa. Hapa naomba unisikize vizuri juu nimeyaona kwa macho yangu. Nikiwa kijana esteti tuliyokuwa tunakaa kuna familia ilihama, lori likaja Jumamosi likabeba viti, godoro, hadi sufuria, mbwa wakamwacha wakisema mtaa utamlisha. Yule mbwa alilala kwa lile geti karibu mwezi, mpangaji mpya akija anamfukuza kwa mawe, anaenda hapo kona anarudi. Mpaka leo nikisoma hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, namkumbuka. Na kinyume chake mnaijua, mtu alishuka kisimani akajaza kiatu chake maji akakishika kwa mdomo akapanda nacho kumnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, Allah akamsamehe. Masahaba wakauliza, hata kwa wanyama tuna ujira? Akasema katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira. Iko Bukhari na Muslim. Na Abu Dawud amepokea ile ya ngamia aliyelia mbele ya Mtume s.a.w, akamuita mwenye ngamia akamuuliza, humchi Allah kwa mnyama huyu aliyekumilikisha? Simba umemilikishwa. Hiyo amana haiishii uwanja wa ndege wa JKIA.

Kwa hivyo fanya hivi. Mtafutie mahali pa kazi. Wako watu wetu Isinya, Kitengela, Kajiado kule wana mbuzi na mashamba ya vitunguu, na mbwa mtulivu aliyezoea kulinda usiku wanamtafuta. Na uone uzuri wake, hapo kwako Simba alikuwa kwa ruhusa ya kufananisha, akienda kwa mbuzi anaingia kwa ile iliyotajwa na Mtume mwenyewe. Ulizia kwanza kwa ndugu na marafiki unaowajua, mtu ambaye unaweza kumpigia simu ukiwa Leeds akakuonyesha mbwa kwa video. Ukikosa kabisa kuna shirika la KSPCA kule Karen, liko tangu enzi za mkoloni kwa kazi hii ya kutunza wanyama na kuwatafutia makao, ongea nao mapema, usiende mbio wiki ya safari.

Huyo wa 15,000 usichukue pesa zake. Mtume s.a.w amekataza thamani ya mbwa, na madhehebu yetu hayaruhusu kumuuza hata akiwa wa kazi. Hanafi wanaruhusu wa manufaa, najua, lakini wewe si mtu wa kutegemea hiyo 15,000. Kama huyo mtu ni mwema na ana boma mpe bure. Kama ni mtu wa kumfunga mnyororo mchana kutwa kwa yadi ya mabati, basi hata bure usimpe.

Kuna jambo moja usilisubiri. Wiki hii mpeleke apigwe chanjo ya kichaa na awekwe maikrochipu, chipu kwanza ndiyo chanjo ifuate. Akibaki hapa inamfaa, kichaa cha mbwa Kenya bado kipo na bado kinaua watu, na anayempokea atakushukuru. Na ikiwa umetafuta kwa nguvu zako zote na ukakosa mtu mwaminifu, mkakubaliana na mume wako na pesa zikapatikana bila riba, sitakuambia ni haramu kumbeba, ni afadhali mara 100 kuliko sindano na kuliko geti. Ila masharti ya Uingereza kwa mbwa anayetoka Kenya ni marefu, siku 30 baada ya chanjo anatolewa damu, inapimwa kwa maabara inayotambulika ionekane kinga imefika 0.5 IU/ml, halafu mnahesabu miezi 3 kutoka siku ya damu ndiyo aingie, na dawa ya minyoo apewe na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Cheti anapitisha daktari wa serikali, ofisi zao kuu ziko Kabete. Anaingia kama kago, hakai na nyinyi. Karatasi zikikosea anaweza kuzuiliwa karantini hadi miezi 4 na bili ni yako. Kwa hivyo kama kuna hata uwezekano mdogo, hesabu miezi kutoka leo. Na huko atafutiwe nyumba yenye uwanja na mlango wake mwenyewe, apate hiyo kazi ya kulinda, asiwe wa fleti.

Sasa kijana wako. Usimwambie Simba ni mbwa tu. Anas r.a alikuwa na ndugu mdogo, Abu Umayr, na yule mtoto alikuwa na kindege anacheza nacho kikafa, na Mtume s.a.w, pamoja na mzigo wote wa umma aliokuwa nao, akimuona anamuuliza, ewe Abu Umayr kindege kimefanya nini? Hakumwambia nyamaza. Mwache kijana alie na umkalie karibu. Muelezee habari ya kizingiti kwa lugha yake, na mshirikishe kuchagua, mwende naye Isinya mara mbili mara tatu kabla ya siku yenyewe, aone mbuzi, aone banda, amjue mzee mwenye boma na mzee amjue yeye. Maneno anayotumia kumuita Simba amfundishe yule mzee, hiyo kazi mpe yeye.

Siku ya kumpeleka mtoke asubuhi, msimwache giza likiingia mahali asipopajua. Bebeni bakuli lake, kadi ya chanjo, na lile gunia analolalia, msilifue.

Wallahu a'lam.