Mo Ibrahim, Celtel na tuzo ya marais wastaafu: majibu ya maswali yenu

Naomba kuuliza, huyu Mo Ibrahim alizaliwa tajiri?

Hapana. Mohamed Ibrahim, mwanzilishi wa kampuni ya simu za mkononi ya Celtel, alizaliwa Sudan mwaka 1946 katika familia ya Kinubi, akakulia Alexandria nchini Misri na kusomea huko uhandisi wa umeme. Alifanya kazi katika shirika la simu la Sudan, na mwaka 1974 akaenda Uingereza. Shahada ya uzamili aliipata Bradford, ya uzamivu Birmingham. Alibobea katika mawasiliano ya simu za mkononi wakati simu zenyewe bado hazijafika madukani, na ujuzi huo ndio ulikuwa mtaji wake wa kwanza. Mwaka 1983 akawa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, mtandao wa simu za mkononi wa British Telecom. Aliacha kazi hiyo mwaka 1989 na kuanzisha MSI, iliyosanifia kampuni nyingine mitandao na kuuza programu ya kupanga minara: unaipa taarifa za milima na majengo, nayo inakuonyesha mawimbi yatafika wapi na yatagongana wapi. MSI ilinunuliwa na kampuni ya Marconi ya Uingereza mwaka 2000 kwa zaidi ya dola milioni 900. Wafanyakazi wake, wapatao 800, walikuwa na takriban asilimia 30 ya hisa. Kwa hiyo alikuwa na fedha kabla Celtel haijakua, jambo ambalo wengi hulisahau.

Kampuni kubwa ziliiogopa Afrika. Yeye aliwezaje?

Celtel ilianza mwaka 1998 ndani ya MSI, na kikwazo cha kwanza kilikuwa fedha. Benki hazikutaka kukopesha kwa ajili ya mitandao ya Afrika, kwa hiyo sehemu kubwa ya ujenzi ililipiwa kwa kuuza hisa kwa wawekezaji. Hisa ina faida yake: mwaka wa hasara hakuna mkopeshaji anayebisha hodi. Gharama yake ni kwamba mwanzilishi anabaki na kipande kidogo cha kampuni yake.

Kikwazo cha pili kilikuwa mazingira. Pasipo na umeme wa uhakika, kila mnara unahitaji jenereta, dizeli na mlinzi. Pasipo na nyaya za simu, unahitaji pia antena za kurushiana mawimbi kutoka mnara hadi mnara. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, katikati ni Mto Kongo tu, lakini simu kati ya miji hiyo ilikuwa ikipitia Ulaya kwa setilaiti. Celtel iliweka kiungo cha mawimbi juu ya mto na kuondoa mzunguko huo.

Kilichofanya biashara isimame hasa ni vocha. Mteja anapolipa kabla ya kupiga, kampuni haihitaji kujua anwani yake wala akaunti yake ya benki, na haina ankara za kufukuzia. Uganda inaonyesha gharama ya kulichelewesha jambo hili. Celtel Uganda, iliyotangulia kampuni mama, ilianza mwaka 1995, ikawahudumia wenye uwezo kwa bei ya juu. Kampuni ya MTN ya Afrika Kusini ilipoingia mwaka 1998 na bei nafuu za kulipia kabla, iliipita mapema. Celtel ilikuwa imewalenga wenye uwezo, kumbe mama wa sokoni naye alikuwa mteja.

Ni kweli walikataa kutoa rushwa?

Hiyo ilikuwa sera yao, na ilikuwa na kifaa cha kuitekeleza: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 yalipaswa kuidhinishwa na bodi ya wakurugenzi. Meneja anayebanwa na ofisa wa serikali angeweza kusema, bila kudanganya, kwamba hana mamlaka ya kulipa, na anayedai angejua kwamba dai lake litasomwa na watu asioweza kuwatisha. Rushwa kubwa hustawi pale mtu mmoja anapoweza kusaini hundi peke yake. Tuseme pia kwamba ukomo wa aina hii hauzuii bahasha ndogo. Hizo hukamatwa na ukaguzi wa hesabu wa mara kwa mara. Ukitaka kuiga, weka vyote viwili.

Celtel ndiyo Airtel ya sasa?

Ndiyo. Kampuni ya simu ya MTC ya Kuwait iliinunua mwaka 2005 kwa takriban dola bilioni 3.4, mwaka 2008 jina likawa Zain, na mwaka 2010 Bharti Airtel ya India ikanunua biashara ya Afrika, isipokuwa Sudan na Morocco, kwa dola bilioni 10.7. Wakenya wenye namba za 0733 walianza na KenCell, ambayo Celtel ilinunua asilimia 60 yake mwaka 2004.

Kumlipa rais ili aondoke madarakani si hongo?

Ingekuwa hongo kama angeahidiwa akiwa bado ofisini. Tuzo ya Ibrahim, iliyoanza kutolewa na Taasisi ya Mo Ibrahim mwaka 2007, humwendea aliyekwisha kuondoka. Masharti ni haya: awe alikuwa mkuu wa nchi au wa serikali barani Afrika, alichaguliwa kidemokrasia, alitumikia muda wa kikatiba bila kuuzidisha, ameondoka ndani ya miaka mitatu iliyopita, na uongozi wake uwe wa kipekee. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, kwani kuondoka kwa wakati peke yake hakutoshi. Fedha ni dola milioni 5 kwa miaka kumi. Ilipoanzishwa, iliahidi pia dola 200,000 kila mwaka baada ya hapo hadi mwisho wa maisha. Anayeamua ni kamati huru: Kofi Annan alikuwa mwenyekiti wa kwanza, na baadaye Salim Ahmed Salim wa Tanzania.

Waliopata ni Joaquim Chissano wa Msumbiji (2007), Festus Mogae wa Botswana (2008), Pedro Pires wa Cape Verde (2011), Hifikepunye Pohamba wa Namibia (2014), Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia (2017) na Mahamadou Issoufou wa Niger (2020). Nelson Mandela alipewa ya heshima mwaka 2007. Miaka mingine kati ya hiyo hakupatikana mtu, na tunaona huko ndiko nguvu ya tuzo iliko: ingetolewa kila mwaka ingekuwa kiinua mgongo tu.

Mwizi hatashawishika kwa dola milioni 5, anaweza kuiba zaidi ya hizo. Anayelengwa ni mwadilifu anayestaafu bila biashara wala viti vya bodi vinavyowangoja wastaafu wa Ulaya. Udhaifu upo: tuzo hutazama alivyoondoka, haiwezi kulinda alichokiacha. Mrithi wa Issoufou, Mohamed Bazoum, alipinduliwa na wanajeshi Julai 2023.

Ripoti ya taasisi hiyo kuhusu utawala inasomwaje?

Hutoa alama kati ya 0 na 100 kwa nchi 54 za Afrika, katika maeneo manne: usalama na utawala wa sheria, ushiriki na haki, misingi ya uchumi, maendeleo ya watu. Usianze na nafasi. Nchi inaweza kupanda nafasi huku alama zake zikishuka, kwa sababu tu nyingine zimeporomoka zaidi. Anza na mwelekeo wa miaka kumi, kisha eneo mojamoja. Kumbuka pia takwimu huwa nyuma: ripoti ya 2024 inaishia 2023.

Nina mradi wa maji kijijini. Nawaombaje fedha?

Taasisi ya Mo Ibrahim haitoi ruzuku kwa miradi. Ukipata ujumbe unaodai umepewa fedha zao na utume kwanza ada ya usajili, ni matapeli, usitume hata senti. Kwa wataalamu vijana kuna mafunzo ya uongozi ndani ya taasisi kubwa, yaliyoanzia Benki ya Maendeleo ya Afrika, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika na Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva. Waombaji huwa na shahada ya uzamili na uzoefu wa kazi wa miaka kadhaa. Soma tangazo la mwaka husika kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, kwani masharti hubadilika.